Mtoto wa miezi saba na kikohozi kisichokwisha: ni baridi, ni mvua, au ni nini?

SWALI: Daktari, ninaandika kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mtoto wangu wa mwisho ana miezi saba, na wakubwa wake wawili wanasoma shule ya msingi. Tangu masomo yaanze mwezi wa tisa na mvua kurudi, huyu mdogo amekwisha kupata mafua mara tatu, na kikohozi cha mara hii kimeingia juma la pili. Majirani wanasema baridi ya mvua imemwingia kifuani. Muuza dawa wa mtaani ananipa amoksisilini kila ninapokwenda kwake. Dada yangu anayeishi Lubumbashi ananiambia kwamba kwao watoto hukohoa mwezi wa sita na wa saba, wakati hakuna hata tone la mvua. Basi ni kipi kinachowaumiza watoto, baridi au mvua? Niendelee na dawa hiyo? Tena Mungu akijalia, mwezi wa sita tunakwenda Lubumbashi kwa harusi: nimpeleke huko penye baridi?

JIBU: Mama, kabla sijaingia katika maelezo, mtazame kwanza mtoto mwenyewe. Ikiwa ananyonya kama kawaida yake, anacheza anapoamka, na kifua chake kinapanda na kushuka bila kujikaza, unayo nafasi ya kusoma jibu hili kwa utulivu. Ikiwa ameshindwa kunyonya, anatapika kila anachomeza, amepata degedege, amelegea hata kuamka kunamshinda, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, acha kusoma umpeleke kwenye kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku.

Sasa nije kwenye swali lako. Mafua na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na kirusi hakizaliwi na baridi wala na mvua. Kinatoka kwa mtu na kuingia kwa mtu. Navyo ni vingi. Rinovirusi peke yao, ambao ndio wenye kuleta mafua ya kawaida, wana aina zaidi ya 150, na mwili uliokwisha kupambana na aina moja bado haujazijua nyingine. Kuna influenza, kuna adenovirusi, kuna parainfluenza, kuna jamaa za korona waliokuwa wakizunguka miongoni mwetu miaka mingi kabla ya ile ya 2019, na kuna kile ambacho wauguzi wetu, wakifuata Kifaransa, hukiita VRS (virus respiratoire syncytial), kirusi cha njia ya hewa, nacho ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote kwa mtoto wa umri wa wako. Ukijumlisha hayo utaelewa kwa nini mtoto mdogo mwenye afya njema huweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na kwa nini mara tatu tangu mwezi wa tisa, katika nyumba yenye wanafunzi wawili, hazinishangazi.

Kwamba baridi peke yake haitoshi, dunia ilipata ushahidi wake mwaka 2020. Kuanzia Aprili hadi Julai mwaka ule, Australia, Chile na Afrika Kusini ziliingia katika majira yao ya baridi kama kila mwaka. Vipimo 83,307 vilifanywa katika nchi hizo tatu ili kutafuta influenza, na vilivyoikuta vilikuwa 51 tu. Baridi ilikuja kama ilivyozoea. Kilichokosekana ni shule zilizojaa, ibada, masoko na safari, kwa sababu watu walikuwa wamefungiwa majumbani na kuvaa barakoa kwa hofu ya korona. Mikutano ya watu iliporudi, mafua nayo yalirudi, na VRS katika nchi kadhaa ilirudi nje kabisa ya miezi yake ya kawaida.

Hata hivyo majirani zako wameona kitu cha kweli, na singependa kuwacheka. Mwaka 2007 watafiti wa New York walitumia kobayi, wale wanyama wadogo ambao nyumba nyingi za Kivu huwafuga jikoni kwa ajili ya nyama, wakaonyesha kwamba influenza husafiri hewani vizuri zaidi kukiwa na baridi pamoja na ukavu, na kwamba katika joto la nyuzi 30 njia hiyo ya hewani ilikatika. Walioishia hapo wangeweza kudhani kwamba nchi za joto zina kinga yao ya asili. Lakini mwaka uliofuata watafiti wale wale waliweka kobayi wagonjwa na wazima katika kizimba kimoja, katika joto lile lile la nyuzi 30, na ugonjwa ukapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila shida. Kwa watu wanaokaa na kulala karibu karibu, joto halizuii kitu.

Chukua basi mji wetu. Bukavu iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na joto lake la wastani halitoki mbali na nyuzi 20 mwaka mzima, kwa hiyo tofauti kubwa kati ya Julai na Novemba kwetu ni maji yanayoanguka, zaidi kuliko baridi. Mvua inapoanza saa nane mchana kule Kadutu, mlango unafungwa, dirisha linafungwa, nguo mbichi zinatundikwa ndani, babula, yaani jiko la makaa, inaingizwa chumbani, na watoto wote wanakusanyika katika chumba kimoja pamoja na yule aliyerudi shuleni na makamasi. Ikiwa nyumba imepokea pia ndugu waliokimbia vita, jambo ambalo limekuwa la kawaida kwetu, watu wanaolala katika chumba hicho huongezeka maradufu. Shule nazo hufunguliwa mwezi wa tisa, wakati ule ule mvua zinaporudi, hata ni vigumu kusema kipi kati ya hivyo viwili kimeleta kikohozi cha mwezi wa kumi. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, ningeilaumu shule kabla ya mvua.

Dada yako naye anasema kweli. Lubumbashi iko kati ya nyuzi 11 na 12 kusini mwa ikweta. Mvua zake huja karibu Oktoba au Novemba na kwisha mnamo Aprili, na ifikapo Juni na Julai ni ukavu mtupu, vumbi jekundu, na usiku ambao kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Huko ni baridi inayofunga madirisha, na hewa kavu inazisaidia chembe za influenza kuelea kwa muda mrefu. Sababu inayowafungia watoto ndani ni tofauti, lakini kinachotokea ndani ya chumba ni kile kile. Tena kila kirusi kina ratiba yake: Afrika Kusini, VRS kwa kawaida huanza kusambaa karibu Februari, joto likiwa bado lipo, na influenza hufuata Mei au Juni baridi inapoingia; lakini Kilifi, katika pwani ya Kenya, ambako VRS imefuatiliwa kwa miaka mingi, mawimbi yake hushika zaidi miezi ya mwisho wa mwaka na ya mwanzo wa mwaka unaofuata. Atakayekuambia kwamba nchi za tropiki zina msimu mmoja wa mafua, mwulize anazungumzia mji gani na kirusi gani.

Nikae kidogo kwenye VRS. Kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1956 kwa sokwe wa maabara nchini Marekani waliokuwa na mafua, na muda mfupi baadaye kikapatikana kwa watoto. Karibu kila mtoto duniani hukipata kabla hajatimiza miaka miwili, na wengi wao hupona kama walivyopona mafua mengine. Lakini kwa wachache kinashuka hadi kwenye njia ndogo kabisa za hewa zilizo ndani ya mapafu, zinavimba na kujaa ute, na kwa sababu kwa mtoto mchanga njia hizo ni nyembamba mno, uvimbe ambao mtu mzima asingeuhisi unatosha kumnyima pumzi. Ndio ugonjwa ambao hospitalini mtasikia ukiitwa bronkioliti. Makadirio ya mwaka 2019 yalihesabu vifo zaidi ya 100,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano vilivyosababishwa na kirusi hicho, karibu nusu yao wakiwa hawajafikisha miezi sita, na vifo zaidi ya 95 katika kila 100 vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kirusi ni kile kile cha Ulaya. Kinachopungua kwetu ni oksijeni, na muda kati ya dalili ya kwanza na mlango wa hospitali.

Ni nani anayekileta nyumbani? Huko huko Kilifi, kati ya 2009 na 2010, watafiti walizifuata familia nzima nzima, wakichukua ute wa pua wa kila mtu mara mbili kwa juma, awe mgonjwa au mzima. Zaidi ya nusu ya vichanga walioambukizwa walikuwa wameupata ugonjwa ndani ya nyumba, na mara nyingi aliyeuingiza alikuwa kaka au dada yao, hasa anayesoma. Kwa hiyo wale wakubwa wako wawili, wanaporudi saa saba na kumkimbilia mdogo wao kumbusu, ndio daraja. Siwaonei, hawawezi kuacha kumpenda. Lakini unaweza kuwazoesha kunawa mikono kwa sabuni na kufuta pua kabla ya kumgusa, kumbusu kichwani badala ya usoni, na yule mwenye mafua alale upande wa pili wa chumba kwa siku chache. VRS huweza kuishi saa kadhaa kwenye kitu kigumu kama kikombe au meza, na mikono ndiyo inayokipeleka machoni na puani.

Ugonjwa huu una mwendo wake, na ukiujua hautakushtua. Siku mbili tatu za kwanza ni makamasi, homa ndogo na kukataa kula. Kisha kikohozi kinashuka chini, kifua kinaanza kupiga mluzi, na hali huwa mbaya zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano; siku hizo ndizo za mama kulala nusu jicho. Baada ya hapo mtoto hurudi polepole, lakini kikohozi chenyewe hubaki nyuma. Uchambuzi mmoja uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba nusu ya watoto wenye kikohozi cha kawaida huwa wamepona siku ya 10, na tisa kati ya kumi siku ya 25. Kwa hiyo kikohozi cha mtoto wako kuingia juma la pili, ikiwa ananyonya na kuongezeka kilo, bado kiko ndani ya mwendo huo. Kikipita siku 14, mpeleke akatazamwe hata kama anaonekana mzima, na umwambie muuguzi waziwazi kama nyumbani kuna mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu au anayetibiwa kifua kikuu. Katika kukohoa kwa watoto wetu, kifua kikuu hakipaswi kusahauliwa.

Nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Mama wengi wanaponiletea mtoto hunieleza rangi ya makamasi na sauti ya kikohozi. Makamasi ya kijani hayanielezi mengi, kwa sababu virusi vyenyewe huyafanya kuwa ya kijani baada ya siku chache, na kikohozi kinachotisha usiku kinaweza kuwa cha mtoto ambaye asubuhi anacheka. Kinachopima hatari ni pumzi, na pumzi unaweza kuihesabu mwenyewe bila chombo chochote zaidi ya simu yako.

Fanya hivi. Ngoja mtoto atulie, awe amekwisha kunyonya au amelala, kwa sababu mtoto anayelia au mwenye homa kali hupumua mbio hata akiwa hana shida kifuani. Mlaze kwenye mapaja yako penye mwanga, fungua kitenge, pandisha shati mpaka uone tumbo na mbavu za chini. Weka saa ya simu kwenye dakika moja, uhesabu kila mara tumbo linapopanda. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu nusu na kuzidisha utadanganyika, maana mtoto mchanga hupumua haraka kidogo, anasita, kisha anaendelea. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua mbio. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, kama wako, kikomo ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Ukipata idadi hiyo, hesabu tena baada ya muda kidogo, na ikibaki pale pale umpeleke siku hiyo hiyo, hata kama hana homa. Kisha tazama mbavu za chini: kwa mtoto mzima, anapovuta pumzi kifua na tumbo hutoka nje pamoja; lakini kwa mtoto aliye hatarini, tumbo linatoka nje huku sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani. Hapo hakuna cha kungoja. Ni vivyo hivyo kwa pua zinazotanuka kila pumzi, kukoroma kwa kila pumzi inayotoka, midomo au ulimi kugeuka rangi ya buluu, na kwa kichanga wa wiki chache, pumzi kukatika kisha kurudi.

Hivyo vikomo ndivyo vinavyotumiwa na wauguzi wa vituo vya afya wanaofuata PCIME, mwongozo wa kutibu magonjwa ya watoto wadogo. Wakiwa na kile chombo kidogo kinachobanwa kidoleni au kwenye mguu, watasoma pia kiasi cha oksijeni katika damu. Kwenye kimo chetu mtoto mzima anaweza kuonyesha namba iliyo chini kidogo ya ile ya mtoto wa pwani, lakini akishuka chini ya 90 anahitaji oksijeni. Kwa bronkioliti nzito, oksijeni na kulishwa kwa uangalifu ndivyo vinavyomvusha mtoto, kwa kuwa hakuna kidonge kinachoua VRS.

Hapo ndipo ninapomfikia muuza dawa wako. Amoksisilini ni dawa nzuri sana, kwa bakteria. Kwa virusi haifanyi kitu. Kwa mafua matatu aliyokwisha kuyapata mtoto wako, ikiwa hakupumua mbio, hakuihitaji hata mara moja, na alipona kwa sababu mafua hupona. Ubaya wake hauishii kwenye fedha: dawa hiyo huvuruga tumbo na kuleta kuhara, na bakteria waliomo puani na tumboni mwa mtoto hujifunza kuishinda, ili siku atakapoihitaji kweli isimfae. Tena ninajua inavyotolewa. Kapsuli ya mtu mzima inafunguliwa, unga unamwagwa kwenye karatasi, unagawanywa kwa macho mafungu mawili au matatu, na mama anaambiwa ampe mpaka kikohozi kikome. Hakuna aliyepima kilo za mtoto. Kituo cha afya kina vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji, na kipimo chake hufuata uzito.

Sasa utaniuliza: mbona muuguzi naye, akimhesabia mtoto pumzi 54, anampa amoksisilini ile ile? Swali hilo ni la haki. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia, zikiwemo Kenya na jirani zetu wa Zambia, na kutolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto waliolazwa kwa nimonia nzito, wasio na virusi vya ukimwi, virusi vya njia ya hewa vilikuwa chanzo kwa 61 hivi kati ya 100, VRS peke yake 31, na bakteria 27. Yaani hata kwenye nimonia nzito virusi ndivyo vingi. Lakini kitandani mwa mgonjwa hatuwezi kumtofautisha kwa macho mwenye kirusi na mwenye bakteria, mara nyingine vyote viwili viko pamoja, na nimonia ya bakteria isiyotibiwa huua kwa siku chache. Kwa hiyo pumzi inapovuka kikomo, tunakubali kuwapa dawa watoto kadhaa wasioihitaji ili tusimkose yule mmoja anayeihitaji. Pumzi ikiwa chini ya kikomo, hesabu hiyo inageuka, na dawa haina nafasi. Muuguzi na muuza dawa wanatoa kidonge kimoja, ila mmoja amehesabu.

Homa nayo ina fumbo lake, kwa kuwa malaria na nimonia huja na sura moja: mtoto ana joto, anapumua mbio, hali chakula. Bukavu ina malaria hata kama kimo kinaipunguza. Dai kipimo cha haraka, kile cha tone la damu la kidoleni, kabla ya dawa ya malaria. Na kipimo kikionyesha malaria, pumzi zihesabiwe vilevile, maana mtoto mmoja anaweza kubeba magonjwa yote mawili. Mtakumbuka ule ugonjwa usiojulikana uliotangazwa mwisho wa mwaka 2024 huko Panzi, ile Panzi ya jimbo la Kwango, si Panzi yetu ya Bukavu, ingawa simu za hofu zilifika hata hapa. Uchunguzi ulipokamilika, hakukuwa na mdudu mpya: yalikuwa mafua ya kawaida ya msimu, pamoja na malaria, yakiwaangukia watu waliokwisha kudhoofishwa na njaa, wengi wao watoto wadogo. Kirusi ambacho kwa mtoto aliyeshiba ni makamasi ya juma moja, kwa mtoto mwenye utapiamlo ni jambo jingine kabisa, na mtoto huyo anaweza kufika karibu na kifo bila homa na bila kikohozi cha kutisha. Ikiwa kilo za mtoto wako zimesimama kwenye fishi yake, ile kadi ya uzito na chanjo, kwa miezi miwili, hilo lina uzito kuliko mafua yote matatu.

Nyumbani fanya machache, lakini kwa uthabiti. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, kidogo kidogo, kwa sababu mtoto aliyeziba pua huchoka kabla hajashiba. Kabla ya kunyonya, dondoshea matone ya maji ya chumvi ya farmasi katika kila tundu la pua, ngoja kidogo, ufute. Homa ikimsumbua, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha, aspirini usimpe. Asali, ambayo kwetu ni tiba ya kila kikohozi, ni marufuku kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria ambao wakikua tumboni hutoa sumu inayolemaza vichanga. Baada ya mwaka mmoja kijiko kidogo usiku hutuliza kweli, na kuliko dawa nyingi za maji za dukani, ambazo baadhi humlaza mtoto na kuificha pumzi iliyoharibika. Mafuta ya mentoli usimpake puani. Na atakayekushauri mtoto akatwe kilimi ili kikohozi kikome, mkatalie. Kinachopatikana hapo ni damu na maambukizo.

Juu ya moshi niwe mkweli. Tunajua kwamba watoto wanaokaa kwenye moshi wa kuni na makala (makaa) huugua mapafu zaidi. Lakini nchini Malawi, jaribio kubwa lililozipa familia majiko yanayotoa moshi mchache, matokeo yake yakitolewa mwaka 2017, halikupunguza nimonia za watoto, labda kwa sababu moshi ulizidi kuwafikia kutoka kwa majirani, takataka na barabara. Kwa hiyo sitakuahidi kwamba kubadili jiko kutamaliza mafua. Babula ndani ya chumba cha kulala ni shauri jingine: makala yaliyokwisha kuwaka bila moshi bado hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Pika nje au penye upepo, na chumba kiachwe wazi wakati mvua imekatika.

Chanjo zina nguvu kuliko yote niliyotaja. Chanjo ya pentavalenti, inayokinga magonjwa matano, na ile ya pneumokoki, bakteria mwenye kuleta nimonia, hutolewa katika juma la 6, la 10 na la 14. Tazama kwenye fishi kama zote tatu zimeandikwa. Zinapiga bakteria, lakini zinawasaidia pia wenye virusi, kwa sababu kirusi mara nyingi hufungua njia na bakteria ndiye anayeingia kuua: katika jaribio la Afrika Kusini lililotolewa mwaka 2004, chanjo ya pneumokoki ilipunguza kwa karibu theluthi moja idadi ya watoto waliolazwa kwa nimonia yenye virusi. Dhidi ya VRS yenyewe, kuanzia 2023 kuna chanjo anayopewa mama mjamzito ili kinga ipite kwa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linaipendekeza. Lakini ninapoandika haya haijaingia katika kalenda ya chanjo ya nchi yetu.

Ile safari ya mwezi wa sita sioni sababu ya kuizuia. Mtoto atakuwa amevuka mwaka mmoja, njia zake za hewa zitakuwa zimepanuka, na ile miezi ya hatari zaidi itakuwa imepita. Sharti langu ni moja: chanjo ya surua ya miezi tisa isikose. Surua nayo ni kirusi cha njia ya hewa, na wengi inaowaua huwaua kwa nimonia. Katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 watoto zaidi ya 7,000 walikufa nayo nchini mwetu. Achanjwe angalau majuma mawili kabla ya safari, ili mwili upate muda. Usiku wa Lubumbashi mvike nguo nzito na soksi, si kwa kuogopa kirusi, ni kwa sababu mtoto anayetetemeka halali na hali vizuri. Harusini atapitishwa mkono kwa mkono kama ilivyo desturi, nawe una haki ya kumkataza mwenye kikohozi asimbebe, hata akiwa ni shangazi mkubwa wa bwana harusi. Fishi yake isibaki Bukavu. Iweke ndani ya mkoba wako, ili muuguzi wa huko akilazimika kumwona, ajue kilo zake na chanjo zake bila kubahatisha.